Robo Saa ya Kusoma, na Damu Yake

Wiki iliyopita nilimsindikiza baba kwenda kuitoa gari gereji, mtaa wa Ghala. Fundi akasema dakika kumi, na wewe unazijua dakika kumi za fundi, basi nikatoka nje kunyoosha miguu. Jua linachoma kama lina ugomvi na mtu. Uwanja wa pili kulikuwa na bwana mmoja na nyundo, anavunja makabati chakavu. Hafungui parafujo kistaarabu, la, anavunja: pigo la mbavu, pigo la mgongo, mbao huku, bati kule. Nikasimama kutazama, maana mie kitu kinachovunjwa sikipiti hivi hivi. Akaburuta ya mwisho, rafu ya bati ya vitabu, rangi ya buluu, urefu wake unanifika kifuani, na ubavuni imebonyea pahala kiasi cha bakuli la uji. Nikapajua pale. Nilipabonyeza mwenyewe, kwa kichwa changu, nikiwa na miaka tisa.

Nikamwambia yule bwana kwamba rafu ile naijua. Akanitazama, akaniashiria nisogee, akainua nyundo.

Basi kaa nikuhadithie, sahibu. Wewe hukusoma shule yetu ya Ghubra, huku Oman, na ungesoma pale mwaka ule, pengine leo ungekuwa unanisoma kwa jicho moja.

Ukiwasikia watu wazima wanasema utoto ni wakati wa amani, waulize walisoma wapi. Darasa letu la nne lilikuwa na watoto thelathini na kiyoyozi kimoja kinachokoroma, na kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa tuliingia ndani kama jeshi linaloingia mji uliotekwa. Tulipigania viti. Tulipigania upande wa kiyoyozi. Wakati wa mapumziko tulipigania chapati iliyokunjwa na jibini na chipsi za pilipili, na aliyeshindwa alikula pilipili za machoni. Nyuma yangu alikaa msichana mdogo wa umbo, sauti yake nyembamba kama ya ndege wa kufugwa, na penseli yake imechongwa kama sindano ya hospitali. Nilimwambia mara moja tu, moja, kwamba mkia wa nywele zake unafanana na ufagio wa chooni. Makaa ya penseli ile yamo kwenye kiganja changu mpaka leo, nukta ya kijivu chini ya ngozi. Hakuomba radhi. Aliichonga upya.

Ubavuni kwangu, dawati moja, alikaa yule nitakayemwita Jirani. Jirani alikuwa na kichwa kizima kunizidi, na ngumi kama mikate ya boflo, ile ya jana iliyokwisha kukauka. Kwao walikuwa watu wa bara: babu yake alikuwa na duka Tabora kabla hawajarudi Oman, na nyumbani walizungumza Kiswahili kama sisi, ila sisi tuliotokea Unguja tulijiona ndio wenye lugha na wao wapangaji. Bibi yangu akisema Kiswahili cha bara kina miba, lazima ukitafune polepole. Nilimfikishia Jirani maneno hayo siku ya kwanza, kama salamu. Siku ya kwanza hiyo hiyo nikajua damu ya pua ina ladha ya msumari.

Na Jirani alikuwa na siri ambayo darasa zima waliijua na hakuna aliyethubutu kuitamka. Hajui kusoma. Darasa la nne, na herufi za Kiarabu, alifu na lamu, zinampita kama magari ya barabara kuu. Akiitwa kusoma alikohoa, akaangusha penseli, akaomba kwenda chooni. Na ukimtazama sana wakati wa kukohoa, basi wakati wa mapumziko ulikuwa unakohoa wewe. Kwa ajili ya ngumi hizo alikuwa ameshahamishwa shule moja kabla ya yetu.

Mwalimu wetu wa mwanzo alitutawala kwa sauti. Sauti yake ilikuwa king'ora cha gari la zimamoto, na tulimheshimu kama unavyoheshimu gari hilo, unapisha, likipita unaendelea na moto wako. Katikati ya mwaka akaenda likizo ya uzazi, akaletwa mwingine, msichana kutoka ndani huko kwenye milima, mwembamba, shingo ndefu. Tulimwita Abla, kama tunavyowaita walimu wote wanawake. Abla hakupiga kelele. Sisi tukalichukulia hilo kama ugonjwa.

Asubuhi moja tukamkuta amekunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, anaburuta ile rafu ya buluu kutoka stoo. Akaiweka pembeni, chini akatandika mkeka, akatoa vitabu vyake mwenyewe kutoka kwenye katoni za maji. Kisha akatueleza sheria, na sheria zenyewe zilikuwa za ajabu. Kila siku, robo saa ya mwanzo, kila mtu anachukua kitabu anachokitaka, anakisoma, basi. Hakuna maswali mwishoni. Hakuna alama. Hakuna kumweleza mtu umesoma nini. Msichana wa penseli akauliza ikiwa hakuna alama tunasoma kwa sababu gani, na Abla akasema yeye mwenyewe anangoja kuliona hilo. Akakaa mkekani, akafungua kitabu chake.

Tukapigana, bila shaka. Kulikuwa na kitabu kimoja cha papa, papa kafungua kinywa kwenye jalada, na watoto thelathini wakakirukia kama wao ndio papa. Wiki ya kwanza kilipasuka katikati kama samaki wa kukausha, kichwa kikabaki kwangu na mkia kwa Jirani, ambaye wala hakuwa na haja nacho ila hakupenda kushindwa. Mtoto mmoja aling'atwa sikio. Abla alifuta damu kwa karatasi ya kufutia pua, akakigundisha kitabu kwa utepe wa gundi, akarudi kukaa na kusoma chake. Unajua ilivyo mbaya kupigana mbele ya mtu asiyekutazama? Siku ya nne akacheka peke yake. Kitu kilikuwa kimemchekesha humo kitabuni, akacheka mpaka akafuta macho, na tulipomuuliza ni nini akasema hiyo ni yangu, tafuteni zenu. Nakuapia, kesho yake kulikuwa na kimya darasani. Kimya cha watu thelathini wanaotafuta cha kuchekea ili kila mmoja amnyime mwenziwe. Nilisikia kiyoyozi kikikoroma kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Baada ya robo saa hiyo tuliandika dakika kumi. Kila mtu alikuwa na daftari lake, na madaftari yote yalikaa ndani ya katoni juu ya rafu. Andika unachotaka, alisema Abla. Ukiacha ukurasa wazi, nitausoma na nitakujibu. Ukiukunja katikati, ukurasa ni wako, hata mimi siufungui.

Hata wewe Abla? Hata mimi. Na mkuu wa shule je? Hata mkuu.

Mtu kumpa mtoto kama mie sheria ya namna hiyo ni kama kumpa mbuzi ufunguo wa bustani.

Sasa nikuambie kuhusu bibi. Bibi yangu alisoma chuoni Unguja, chuo cha Kurani, akajua herufi za Kiarabu tangu mdogo, na barua zote alizomwandikia dada yake aliyebaki kule aliziandika Kiswahili kwa herufi hizo. Mchana nikirudi shule nilimkuta jikoni chini, kakalia mbuzi anakuna nazi, nyumba nzima inanuka tui na iliki na samaki anayelia kwenye mafuta, na mie nikalala kifudifudi sakafuni, na daftari, ananifundisha. Sauti zisizokuwamo kwenye Kiarabu, kama p na ch, unazitia nukta zake za ziada. Na irabu, lazima irabu, juu na chini ya kila herufi. Neno lisilo irabu ni kuku aliyenyonyolewa, alikuwa akisema, na nikisahau moja mwiko ulitua kwenye vidole, mwiko wa moto, wenye tui. Ndiyo maana mpaka leo hati yangu ni nzuri na kucha zangu mbili zimepinda.

Umeshaona ninakokwenda. Nilifanya hesabu ya kijambazi. Nikiandika Kiswahili kwa herufi zile, Abla hata akivunja sheria yake atatamka tu, hataambulia kitu. Wenzangu wengi vile vile. Na mmoja peke yake wa dawati langu anayekijua Kiswahili, huyo hajui kusoma. Milango miwili, makufuli mawili. Nikaukunja ukurasa na nikaandika matusi kama mtu aliyefungiwa mwaka mzima. Nilimtukana msichana wa penseli. Nilimtukana Abla, kwamba shingo ile aliazimwa na twiga na twiga ameanza kuuliza. Nilimtukana mkuu wa shule, mama wa makamo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia darasani akaona damu kwenye mkeka na kusema mbele yetu sote, polepole, kwamba damu nyingine ikimwagika kwenye kona ile ataifunga kona, na aliyeimwaga atatafutiwa shule nyingine. Alipokuwa akisema alimtazama Jirani. Jirani alitazama viatu vyake. Abla alimtazama mkuu, kisha akamtazama Jirani, na hilo nililiona siku ile na sikulijali.

Tangu hapo Jirani hakumpiga mtu. Kila mapumziko alibaki ndani na Abla, mlango umefungwa, sisi nje tunajua anaadhibiwa, na mie nikaona huu ndio wakati wa kumwandikia ukurasa wake.

Nitakuandikia hapa ulivyokuwa, maana naukumbuka neno kwa neno. "Jirani yangu hajui kusoma. Akishika kitabu, kitabu kinaona haya. Alifu imesimama mbele yake kama mlingoti na yeye bado anauliza iko wapi. Ataota ndevu hajajua. Mama yake akimtuma dukani humchorea picha, na siku alipomchorea kuku, alirudi na bata." Nikatia irabu zote. Nikakunja. Nikajiona mtu mkubwa.

Siku chache baadaye, robo saa ya kusoma, Jirani alichelewa kwenye rafu, vitabu vya maana vikawa vimekwisha. Akatia mkono kwenye katoni ya madaftari, akatoa la kwanza lililomjia, akalipachika ndani ya kitabu kingine ili aonekane anasoma. Nilikuwa mkekani, hatua mbili kutoka kwake. Nikaliona jalada. Langu. Moyo ukaruka, kisha ukakaa, nikakumbuka ni nani aliyelishika. Nikamwacha. Zaidi ya kumwacha, sahibu, nilistarehe. Akaufungua ukurasa uliokunjwa, akaweka kidole chini ya mstari, na midomo ikaanza kucheza. Nikafikiri anaigiza. Nikafikiri, lo, mtu huyu bora aende kwenye televisheni.

Kidole kilikwenda pole pole kama mdudu. Kikafika mwisho wa mstari, kikarudi, kikashika wa pili. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi. Kwenye mstari wa tatu akasimama, akarudia nyuma, akapita tena. Alipofika chini hakupiga kelele wala hakutamka neno. Aliweka daftari chini kwa adabu, akanyanyuka, akanishika kwa ukosi wa kanzu na kwa nywele, akanitia kichwa kwenye rafu.

Mlio wake ulikuwa kama sufuria kubwa iliyoangushwa. Mara ya pili sikuusikia. Vitabu vilinimwagikia, papa na kinywa chake mbele ya macho yangu, na kitu cha moto kikaniingia jichoni, nikakipangusa, kikawa chekundu. Nikamuuma mkono. Naomba iandikwe kwamba nilimuuma. Akanipiga ngumi ya tumbo, hewa yote ya Ghubra ikanitoka, na yeye juu yangu analia, mimi ninayevuja damu silii, yeye analia kwa sauti huku anapiga, anapiga mkeka, anapiga vitabu, anapiga popote mkono unapoangukia. Abla alimkumbatia kwa nyuma kwa mikono ile miembamba, akapigwa kiwiko cha mdomo, hakumwachia.

Nilishonwa nyuzi tano.

Kesho yake tukaitwa. Mama kazini wizarani, baba kiwandani Rusayl, basi akaja bibi, kwa gari ya watu wa nyumba ya pili, amevaa buibui lake la harusi za watu. Upande wa pili alikaa mama yake Jirani, mama mkimya, mikono mapajani, na Jirani kasimama nyuma ya kiti chake kama anataka kiti kimfunike. Abla alikuwa pale na mdomo umevimba. Karatasi ya uhamisho ilikuwa juu ya meza ya mkuu. Ilikuwa imeshajazwa, imebaki saini tu.

Mkuu akasema, kwa Kiarabu, kwamba hana la kuongeza. Alionya, damu imemwagika, kona inafungwa leo, na mtoto anahama. Akamuuliza Jirani kama ana la kusema. Akamuuliza kwa nini umempiga mwenzako. Kimya. Na mie nikakielewa kimya kile vizuri sana, sahibu, hapo ndipo ninapojionea haya: ili aseme nimemwandika nini, ilibidi kwanza aseme mbele ya mama yake kwamba ni kweli.

Abla ndiye aliyesema hakuna mtu anayempiga mwenzake kichwa kwenye rafu akiwa na kitabu mkononi bila ya sababu. Akaweka daftari langu juu ya meza. Ukurasa ameshaukunja tena. Mkuu akanyoosha mkono kuufungua, Abla akaweka kiganja chake juu.

Akasema, "Umekunjwa. Mwenyewe ndiye wa kuruhusu."

Mkuu akamtazama kama mtu aliyeingia na ngamia ofisini. Chumba kizima kikageuka kunitazama mie na kitambaa changu kichwani, na mie, ningekaa kimya tu, mambo yangekwisha. Jirani angehama, mimi ningerudi darasani shujaa mwenye nyuzi tano. Lakini ulimi wangu haujawahi kuniuliza kabla ya kutoka. Nikasema mambo ya daftari langu hayamhusu mtu, na isitoshe Jirani hajui kusoma, atajuaje nilichoandika? "Mpeni asome mwenyewe, kama anaweza."

"Umeruhusu?" akauliza Abla.

"Nimeruhusu."

Nakwambia, nilitabasamu.

Abla akalichukua daftari, akazunguka kiti, akampa Jirani. Akamwambia kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo, asome kama wanavyosoma wao wawili wakati wa mapumziko, hakuna haraka. Mkuu akafungua kinywa. Jirani akaweka kidole.

"Ji. Ra. Ni. Jirani. Ya. Ngu."

Sijawahi kusikia kitu kirefu kama mstari ule. Kila herufi aliivuta kama ndoo kutoka kisimani. Nilijua kinachokuja, kila neno nililijua, na sikuwa na pa kujificha. Kumbe mapumziko yale yote Abla alimfundisha herufi moja moja, na alizijua, ila vitabu vya shule vimeandikwa kwa Kiarabu cha vitabu, kile kisichozungumzwa jikoni kwa mtu yeyote, akiunganisha herufi anapata sauti tu, hapati maana. Kisha akafungua daftari langu, lenye irabu juu na chini kama bibi alivyonipigia mwiko, akaunganisha, na likatoka neno la nyumbani kwao. Ukurasa wa mwanzo maishani mwake kuusoma peke yake mpaka mwisho ulikuwa ule. Niliuandika mie.

Mkuu hakuelewa neno. Abla hakuelewa neno, lakini alikuwa anahesabu herufi pamoja naye kwa kichwa, na machozi yanamshuka kwenye mdomo uliovimba. Bibi alielewa yote. Nilimwona bibi akikaza kidevu mstari kwa mstari. Na mama yake Jirani alielewa yote vile vile, na hilo ndilo ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka, kwa sababu hakukasirika. Aliinama mbele, mkono umefunika kinywa, anamtazama mwanawe kama mtu anayemtazama mtoto akipiga hatua yake ya mwanzo kuelekea kwenye barabara ya magari.

Jirani akafika kwenye mstari wa dukani. Akatamka "mama," akaona linalofuata, akasimama. Kidole kikaanza kuruka kwenda chini.

"Soma, mwanangu," mama akasema kwa Kiswahili. "Usiruke."

Akausoma. Picha, kuku, bata, vyote. Alipomaliza alilifunga daftari, na mkuu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, hayo aliyoyasoma ni kitu gani. Nikangoja. Nilishafumba macho.

"Ni hadithi," akajibu mama yake Jirani, kwa Kiarabu. "Mwanangu amesoma hadithi."

Karatasi ya uhamisho mkuu hakuitia saini. Aliizungusha kidogo mezani, akaitia ndani ya mtoto wa meza. Jirani akapewa siku tatu nyumbani kwa ajili ya kichwa changu. Kona akasema ibaki, itazamwe mpaka mwisho wa mwaka. Mie hakunisema kitu, mgonjwa, maskini, mtoto wa watu kafungwa kitambaa.

Bibi ndiye alikuwa hajamaliza. Akasimama, akaomba radhi kwa heshima zote, kisha akainama akavua kiatu. Mkuu akamwambia bibi yangu, hapa shuleni hakuna ruhusa ya kumpiga mtoto, ni kanuni. Bibi akauliza kwa upole, "Na shule yenu inaishia wapi, mama?"

Mkuu, bila kufikiri, akasema getini.

Tukaenda getini. Bibi alinitembeza mkono kwa mkono kama tunakwenda sherehe, akanivusha, akageuka kutazama mstari wa geti chini, akapiga hatua moja zaidi kwa usalama, na kiatu kikaanza kazi. Alinipiga mgongo, miguu, makalio, kila pahala pasipokuwa na uzi. Alikuwa akipiga kwa irabu, pigo la juu, pigo la chini. Bawabu aliingia kibandani mwake akafunga dirisha. Na bibi alisema kitu kimoja tu muda wote ule, "Nnakufundisha kuandika, mie? Nnakufundisha kuandika?" na mara ya mwisho sauti ikamkatika, na hiyo ilichoma kuliko kiatu.

Siku ya nne Jirani akarudi. Tulikaa dawati moja bila ya kutazamana. Robo saa ikapita, tukaandika dakika kumi, na alipoondoka kwenda chooni aliacha karatasi upande wangu, haijakunjwa. Kiswahili, herufi za Kiarabu, zimelala kila upande kama walevi. "Rafu imebonyea, wewe hukubonyea. Kichwa chako hakina kitu ndani." Nilisoma mara tatu. Kuna irabu mbili alizikosea, na sikumwambia. Nikachukua kalamu nikamjibu.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza, sahibu, watakuambia mambo ya motisha na zawadi na nyota za dhahabu, sisi tulijifunza kwa kutukanana. Nilianza kusoma vitabu vya wanyama ili nipate majina ya kumwita. Yeye akasoma cha papa kizima, akaniandikia kwamba papa hubadilisha meno maisha yake yote, na mimi nijihadhari, maana mimi si papa. Jioni alimhoji babu yake matusi ya Tabora, mimi nikamhoji bibi ya Unguja, nikisema ni kazi ya shule, na bibi akanitazama kwa muda, akauliza Jirani hajambo, kisha akanipa moja la zamani lenye sumu ya nyoka. Tulipigana pia kwa mikono, usije ukadhani tuliongoka. Lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa anajaza kurasa mbili kwa dakika kumi, na kidole hakiweki tena. Abla akitupita alikuwa akipunguza mwendo, anaviona vichwa viwili vimeinama, anakwenda zake taratibu asituvuruge. Alimwambia mkuu, tukimsikia, kwamba wale wawili ndio wanaoandika kuliko wote. Hajui mpaka leo tulikuwa tunaandika nini.

Mwaka ukaisha, likizo ya uzazi ikaisha, Abla akapelekwa mkoa mwingine. Mwenye king'ora akarudi. Mkeka ulikunjwa wiki ya kwanza, vitabu vilirudi kwa mwenyewe ndani ya katoni zile zile za maji, na rafu ikatiwa mipira. Sisi tukahamia shule ya wavulana, huko unasoma ukiambiwa, unaandika ukiulizwa, na mwishoni kuna alama. Kwao Jirani wamehamia Suhar. Hunitumia ujumbe wa sauti, sauti nzito ya mtu mzima, anacheka, ananitukana, unakwisha kabla sijakaa. Hatuandikiani tena. Nani anaandika?

Mie bado. Nina madaftari, naandika kila siku dakika kumi, hata siku za mtihani, hata bila mtu kuniambia. Walimu wanazipokea insha zangu, wanazipitisha macho, wanatia alama ya vema, wanahamia ya mwenzangu. Rafiki zangu wakinisoma wanatuma kikatuni kinachocheka, na najua hawakufika mwisho. Wanasema wanaipenda hati yangu. Lakini tangu darasa la nne sijapata mtu aliyenisoma kama alivyonisoma yule, pole pole, herufi baada ya herufi, masikio yanabadilika rangi, akakisadiki kila nilichokiandika, na alipofika mwisho akanyanyuka kuja kuniua.